Mazingira Kabla ya Kuombwa

Dokta aliingia Kigoma kwa garimoshi lililochelewa siku moja na nusu, kwa hiyo jambo la kwanza aliloniambia nilipompokea stesheni ni kwamba ratiba ya utafiti wake tayari ilikuwa imeharibika. Jambo la pili lilikuwa swali.

"Wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri?"

Nikamwambia ndimi. Siku hizo nilikuwa nikiandikia gazeti moja la Dar es Salaam habari fupi fupi, nazituma kwa bahasha kwenye garimoshi hilo hilo, na zilipochapishwa zilikuwa zimeshapitwa na mambo. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Mhariri wangu aliamini kwamba Kigoma ina habari moja tu: wameingia wangapi, wamerudi wangapi. Nikimwandikia habari ya samaki aina ya mgebuka kuadimika sokoni, alikuwa anaifuta na kuniuliza mgebuka huo ulikuwa unawahusu vipi wakimbizi.

Kila mtu mjini aliyejua kuandika barua bila kukosea alikuwa ameajiriwa na mashirika ya misaada: makarani, madereva, wasimamizi wa maghala, watu wa redio za upepo. Nilibaki mimi. Ndiyo sababu mwalimu wa chuo kikuu, aliyekaa ughaibuni miaka mingi akisomea shahada zake, alinipata mimi kuwa msaidizi wake wa utafiti. Sikuchaguliwa. Nilisazwa.

Mada yake aliniandikia kwa mkono wake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: mkakati wa biashara na utendaji wa kampuni katika mazingira. Alinieleza njia nzima kutoka stesheni hadi nyumba ya wageni, huku nimembebea sanduku moja la madodoso na yeye amebeba la pili. Zipo kampuni, alisema, zinazongoja serikali iseme ndipo zishughulikie uchafu wao. Huo aliuita mkakati fuatizi. Na zipo kampuni zinazoshughulikia mambo mapema, kabla hazijaombwa na mtu; huo ni mkakati tangulizi. Ughaibuni ilikuwa imeonekana kwamba wanaotangulia ndio wanaopata faida. Yeye alitaka kujua kama na Kigoma ni hivyo.

Kigoma ilikuwa mji wenye kampuni chache kuliko maswali yake. Tulipanga orodha tukapata tisa, moja ikiwa hoteli iliyokwisha fungwa.

Jioni nilimweleza mama mdogo. Huyu ni mdogo wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea, na nilikuwa ninaishi kwake Gungu. Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa. Alfajiri alishuka ziwani kununua dagaa wabichi kwa wavuvi, akawamwaga juu ya mchanga, akawageuza kwa ufagio mpaka wakakauka, akawauza. Alikuwa hajui kazi nyingine na hakutaka kuijua.

"Umepata kazi kwa daktari," akasema. "Daktari wa nini?"

"Wa mikakati, mama."

"Mikakati inaumwa?"

"Anaichunguza tu."

"Basi inaumwa. Mtu mzima hapandi treni siku tatu kuja kuchunguza kitu kizima."

Hapa lazima niseme neno juu ya neno. Kwenye vitabu, mazingira ni miti, maji, hewa na udongo. Nilifundishwa hivyo shuleni na nikapata alama zangu. Lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akingoja mhuri alijua kwamba mazingira yalikuwa na maana nyingine. "Faili lako limekwama? Umeweka mazingira sawa?" Mtu aliambiwa ashughulikie mazingira, naye hakwenda kupanda mti. Alikwenda kutafuta mbuzi, au dumu la mawese, au bahasha. Lilikuwa neno la adabu. Halikumtukana mtoaji wala mpokeaji, na hata mbele ya watoto lilisemeka.

Nilipolisoma dodoso la Dokta, alilolitafsiri mwenyewe, niliona neno hilo limetapakaa kuanzia swali la kumi na nne mpaka la ishirini. Nikamwendea asubuhi, nikamkuta anakunywa chai.

"Dokta, hili neno mazingira. Hapa watu wanaweza kulielewa vingine."

"Vingine vipi? Ni neno sanifu."

"Ni sanifu, lakini ofisini hapa wakisema kushughulikia mazingira, wana maana ya…"

Alinyanyua kidole. "Usinimalizie. Ukishaanza kumweleza mhojiwa maana ya swali, umemwongoza. Ukimwongoza, umeharibu utafiti. Unasoma swali kama lilivyo. Anajibu. Unaandika alichosema, neno kwa neno. Huongezi, hupunguzi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Dokta."

Nikaandika maagizo hayo kwenye daftari langu pamoja na saa aliyoyatoa. Nina tabia hiyo.

Tulianza na kiwanda cha sabuni, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikubwa. Kilikuwa kando ya ziwa, upande wa kwenda Ujiji, na kwa miaka mingi kilikuwa kibanda cha kupikia sabuni kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Wakimbizi walipojaa makambini, shirika moja likaanza kununua sabuni za kuwagawia, kila familia vipande vyake. Kibanda kikawa kiwanda. Malori yalipakia katoni na kupanda barabara ya Kasulu, na baada ya siku chache nusu ya vipande hivyo vilirudi mjini kwenye mikoba ya wakimbizi, vikauzwa Gungu kwa bei rahisi, maana mtu mwenye njaa haogi mara nyingi. Sisi sote tulikuwa tunafulia sabuni ya msaada. Hata kanzu za Ijumaa kule Ujiji zilifuliwa nayo.

Maji machafu ya kiwanda yalitoka kwa mfereji uliochimbwa kwa jembe. Yalikuwa na mafuta, majivu na kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni inayochubua mikono. Mfereji uliishia kwenye mchanga ambapo mama mdogo na wenzake, wengi wao wanawake wa mtaa wa Rusimbi, walianika dagaa.

Meneja alitupokea vizuri. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mnene, mcheshi, ana kalenda tatu ukutani na zote za mwaka uliopita. Dokta aliketi pembeni na penseli yake, kwa kuwa alitaka kutazama. Kusoma maswali ilikuwa kazi yangu. Maswali kumi na matatu ya kwanza yalikwenda bila taabu: umri wa kampuni, wafanyakazi, bidhaa. Nikafika la kumi na nne.

"Kampuni yenu hushughulikia mazingira kabla ya kuombwa, baada ya kuombwa, au haishughulikii kabisa?"

Meneja alinitazama. Akamtazama Dokta. Akanyanyuka, akaufunga mlango, akarudi kitini taratibu.

"Dada, hii ni ya serikali au ya chuo?"

"Ya chuo, mzee."

"Majina mnaandika?"

Dokta akaingilia kwa furaha. "Hatuandiki majina kabisa! Ni siri. Jisikie huru."

"Basi andika: kabla," akasema meneja. "Sisi hatungoji kuombwa. Ukingoja kuombwa umeshachelewa, mtu ameshakasirika."

Nilisikia penseli ya Dokta inakwaruza karatasi kwa kasi. Nami nikaandika, neno kwa neno.

"Swali la kumi na tano. Nani anahusika na mazingira katika kampuni?"

"Mimi mwenyewe. Kazi kama hiyo humwachii karani. Atajikatia."

"Uongozi wa juu unajihusisha moja kwa moja," Dokta alinong'ona, kama mtu anayesoma dua.

"La kumi na sita. Mnashughulikia mazingira mara ngapi?"

"Kila mwezi. Katoni za sabuni, kulingana na ukubwa wa mtu. Sikukuu tunaongeza."

"Sikukuu zipi?"

"Idi na Krismasi. Hatubagui dini."

"La kumi na saba. Mmeona faida gani kutokana na kushughulikia mazingira?"

Meneja akacheka, akajipangusa shingo kwa leso. "Eh! Faida? Mzigo wetu wa kostiki unatoka bandarini siku hiyo hiyo. Mkaguzi akija anakunywa soda, anaulizia watoto, anaondoka. Leseni inakuja yenyewe kama paka jioni. Dada, bila mazingira kiwanda hiki kingekuwa kimefungwa zamani."

"La kumi na nane. Je, katika kushughulikia mazingira mnaishirikisha jamii inayowazunguka?"

Hilo lilimshangaza kweli. Alifikiri.

"Jamii ina mhuri?"

"Sijui, mzee. Swali ndivyo lilivyo."

"Basi hapana. Jamii haina mhuri."

Mpaka hapo nilikuwa ninabana kicheko kwenye mbavu, na ningekitoa nje ya lango, kikaisha. Lakini swali la ishirini lilikuwa juu ya mipango ya mbele, na kwa swali hilo meneja alibadilika, akawa mtu wa vitabu kama Dokta. Shirika linalonunua sabuni, alisema, limeanza kudai kwamba kila anayeliuzia bidhaa aonyeshe anavyotunza mazingira, "haya ya miti," na bila hivyo mkataba mpya hausainiwi. Wanataka kuona kijani. Wanataka picha. Kwa hiyo kiwanda kimeagiza nguzo na seng'enge, kitazungushia uzio ufukwe ulio mbele yake, kitapanda nyasi na maua, na kitaweka bango.

"Ufukwe upi?" nikauliza. Swali hilo halikuwemo kwenye dodoso.

"Huo hapo chini."

"Wanapoanika dagaa?"

"Penye uchafu," akasema meneja. "Wale kina mama wanachafua sana. Magamba, nzi, harufu. Tumeshaomba eneo, unangojewa mhuri tu. Na ripoti ya Dokta ikitusifu kidogo, tutaiambatanisha."

Nikaandika. Mwandiko wangu kwenye mstari huo ni mbaya. Nakala ya dodoso hilo ninayo, na ubaya huo unaonekana.

Njiani kurudi mjini Dokta alikuwa kama bwana harusi. Alisema hajawahi kuona hata ughaibuni kampuni yenye mkakati tangulizi uliokomaa namna ile. Meneja mwenyewe! Kila mwezi! Halafu bustani juu yake! Nikamwambia kwamba ufukwe ule una wanawake kumi na mmoja wanaoutegemea, mmoja wao mama yangu mdogo, na kwamba uchafu ule unatoka kiwandani kwenda kwao, si kwao kwenda kiwandani. Akasema hilo linasikitisha, lakini sampuli yake ni kampuni. Wanawake si kampuni.

Mama mdogo alinisikiliza hadi mwisho huku anapepeta mchele. Kwa mambo ya Idi na Krismasi alicheka mpaka ungo ukatikisika. Kwa bustani hakucheka.

"Mchanga ule tulipewa na nani?" akauliza.

"Hamkupewa na mtu."

"Ndiyo. Ziwa ndilo lilituachia. Sasa nani atanipa mwingine? Kule juu kuna mawe. Kule chini kuna boti za mashirika. Niwaanike dagaa kitandani?"

Siku mbili baadaye alinifuata nyumba ya wageni, akamkuta Dokta uani, akamwambia kwa adabu kwamba amekuja kuhojiwa. Dokta akamweleza habari ya sampuli.

"Sisi nasi ni kampuni, baba. Tuko kumi na moja. Tuna mwenyekiti. Tuna ugomvi. Kampuni ina nini kingine?"

Dokta alicheka, akakubali kwenda japo kuona. Ufukweni alivua viatu, akavivaa tena upesi alipokanyaga utelezi wa mfereji. Mama mdogo akampa dagaa mmoja mkavu aonje. Alitafuna, akasimama, akageuza uso akatema.

"Wana ladha ya…"

"Sabuni, baba. Tunauza dagaa waliokwisha koga."

Sokoni Gungu walikuwa wanawaita dagaa wa povu. Wateja walipunguza bei kwa jina hilo, na wapo waliosema ukiwapika huhitaji kuosha sufuria. Dokta aliandika kitu kidogo kwenye daftari lake. Nilichungulia. Alikuwa ameandika: "Wadau wa pembeni: maoni hasi."

Kazi ilimalizika kwa wiki tatu. Kampuni zote zilijibu kwa namna ile ile ya meneja, isipokuwa mwenye mashine ya kukamua mawese, mzee mmoja wa Kalinzi, aliyesema yeye hashughulikii mazingira kwa sababu anamwogopa Mungu. Dokta alimpa alama ya chini kuliko wote.

Kabla ya kuondoka aliandaa mkutano wa kutoa mrejesho. Akaniagiza kazi mbili. Ya kwanza, kuandika kadi za mwaliko kwa wadau wote. Ya pili, kunakili kwenye karatasi za plastiki nukuu alizozichagua, ili zimulikwe ukutani kwa mashine. Alichagua mwenyewe. Zilikuwa ni zile zile, zote za kiwanda cha sabuni, ambacho kwa ajili ya kutunza siri alikiita Kampuni S. Mji mzima ulikuwa na kiwanda kimoja cha sabuni.

Ningeweza kumwambia mara ya pili. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na sijalipatia sura ya kupendeza. Nilikaa na kalamu nyekundu, nikanakili neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza, na herufi zangu zilikuwa nzuri kupita siku zote. Kwenye kadi za mwaliko niliandika pia moja ya Kampuni ya Waanika Dagaa. Aliniambia wadau wote.

Ukumbi ulijaa. Mbele waliketi wakubwa, na kati yao bwana mmoja ambaye ofisi yake sitaitaja. Inatosha kusema ndiye aliyekuwa na mhuri wa viwanja na viwanda, na nyumbani kwake kulinukia sabuni. Karibu naye aliketi mama wa shirika, mgeni kutoka Ulaya, mtu anayesaini mikataba ya sabuni, akiwa na mkalimani wake. Meneja alivaa suti. Nyuma kabisa waliingia wanawake kumi na mmoja wenye kanga zao nzuri, kadi mkononi. Kwa bahati mbaya ya wakubwa, umeme siku hiyo ulikuwepo.

Dokta alianza na nadharia, watu wakasinzia. Kisha akaweka karatasi ya kwanza kwenye mashine na kuisoma kwa sauti ya kuhubiri.

"Meneja wa Kampuni S anasema: 'Sisi hatungoji kuombwa. Ukingoja kuombwa umeshachelewa, mtu ameshakasirika.'"

Waliosinzia waliamka. Mtu alikohoa. Dokta alidhani ukimya ule ni heshima, akaweka ya pili.

"Anasema wanashughulikia mazingira kila mwezi! Katoni za sabuni, kulingana na ukubwa wa mtu. Na sikukuu wanaongeza. Idi na Krismasi, hawabagui dini. Ndugu zangu, huu ni ukarimu kwa jamii ambao sijauona popote."

Nilisimama kando ya mashine, kwa hiyo niliziona nyuso zote. Vichwa vilianza kumgeukia mwenye mhuri kimoja kimoja, kama alizeti. Meneja alikuwa ameinamisha uso anatafuta kitu mvunguni mwa kiti. Dokta, maskini, akaongeza kuni.

"Tena tunaye hapa bwana afisa anayehusika na viwanda. Bwana afisa, bila shaka wewe waweza kuthibitisha kwamba mazingira ya Kampuni S yanakufikia?"

Mwenye mhuri alisimama nusu, akaketi, akasimama tena.

"Mimi," akasema, "sijapokea mazingira yoyote."

Ukumbi ulipasuka. Kuna mzee aliyeanguka kutoka kwenye benchi. Dokta akawa anatabasamu huku na huku, hajui kilichochekesha. Mkalimani alikuwa amemfasiria mama wa shirika maneno yote kama yalivyo, miti na hewa, naye alinyoosha mkono akauliza kwa upole, kupitia mkalimani: kwani, hakuna mazingira?

"Yapo, mama!"

Alikuwa mama mdogo, amesimama nyuma. Alikuja mbele bila kuitwa, anatembea polepole kama anayekwenda kutoa sadaka.

"Shikamooni wakubwa. Mama, mazingira yapo, tena ya aina mbili. Ya kwanza yanapita mlango wa nyuma kila mwezi. Hayo siyajui, mimi sina mhuri. Ya pili yanapita kwenye mfereji yanakuja kwetu. Hayo ni ya kila siku. Hayo nayo hayangoji kuombwa."

Akafungua fundo la kanga. Mezani palikuwa na jagi la kioo la maji ya wakubwa. Akatia dagaa viganja viwili, akaziba mdomo wa jagi kwa kiganja, akatikisa. Povu halikuwa kubwa. Lilitosha. Liliketi juu ya maji, jeupe, wakati dagaa wanashuka taratibu chini yake.

"Sasa wanataka kutuondoa ili wapande maua," akasema. "Karibuni maji."

Mama wa shirika alilitazama jagi muda mrefu. Kisha aliandika. Sijui aliandika nini. Najua kwamba shirika halikuacha kununua sabuni. Liliomba mpango kazi, na kiwanda kikachimba shimo la kuzuilia maji machafu, ambalo lilifanya kazi vizuri sana wakati wa kiangazi. Masika lilifurika.

Kilichookoa mchanga kilikuwa woga. Mwenye mhuri, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alikataa kugonga mhuri. Kila aliyekutana naye njiani alikuwa anamuuliza kama mazingira yamefika, na alijua kwamba akiidhinisha ule uzio, mji mzima utasema ameyapokea na ya mwezi huo. Ombi likabaki kwenye faili. Nguzo zilizokwisha shushwa ufukweni zilikaa wiki kadhaa, bango juu yake, bila mlinzi wala mwenyewe.

Dokta nilimsindikiza stesheni. Pale jukwaani, garimoshi likiwa limechelewa kama kawaida, nikamweleza maana ile nyingine.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Dokta. Asubuhi ya Jumanne, unakunywa chai."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Lakini alama zinabaki pale pale," akasema. "Wanaotangulia ndio wanaopata faida. Hilo halijabadilika."

Na kwa kweli, halikuwa limebadilika. Baada ya mwaka mmoja hivi alinitumia makala yake iliyochapishwa, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, alieleza kwamba wahojiwa wa Kigoma waliielewa dhana ya mazingira kwa upana wake. Alinishukuru kwa mwandiko safi.

Mimi nilirudi kwenye habari zangu fupi. Ile ya jagi niliituma. Mhariri aliniuliza wakimbizi wanaingia wapi.

Nguzo za bustani wanawake walizichukua mchana kweupe, wakizibeba wawili wawili. Walizisimamisha mchangani, wakatandaza nyavu kuukuu juu, wakapata vichanja vya kuanikia, ili dagaa wasiguse mchanga wenye mafuta. Dagaa wa kichanja hawakuwa na povu, na bei ikapanda. Lakini vichanja havikutosha. Dagaa waliozidi waliendelea kumwagwa chini, na mama mdogo aliwaweka mbali, kwenye kapu lao la chini, akawauza kwa watu wa kuku. Bango lilifanywa mlango wa kibanda cha kuhifadhia. Lilisomeka TUNATUNZA MAZINGIRA, kichwa chini miguu juu, kwa sababu bawaba zilikaa vizuri upande huo.

Kisha mwenye mhuri akahamishwa mkoa mwingine, akaja mpya, kijana wa viatu vinavyong'aa. Nilikuwepo siku aliposhuka ufukweni kwa mara ya kwanza. Alizunguka vichanja, akagusa nguzo moja, akafungua daftari.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Hivi vitu mmejenga kwa kibali cha nani?"

Wanawake wote waliacha kugeuza dagaa. Nilimtazama mama mdogo. Nilijua kichwani mwake anaona ule uzio, nyasi na maua, kama ninavyoviona mimi.

"Kibali kinakuja, baba," akasema. "Hebu ngoja kwanza, jua kali. Umeoa?"

"Nimeoa."

"Basi mke wako asije akalala na njaa, nawe umepita kwetu. Najua hujaomba."

Akaingia kibandani, bango likajifunga nyuma yake. Alipotoka alikuwa na furushi kubwa la gazeti, limefungwa kwa kamba vizuri. Kijana alikataa mara moja, kama inavyopasa, kisha akalipokea kwa mikono miwili, na daftari likarudi mfukoni.

Tulimwangalia anapanda mlima na furushi lake kwapani.

"Mama," nikasema, "umempa wa kichanja?"

"Wa kichanja ni wa kuuza," akasema, akachukua ufagio wake. "Nimempa wale wa kapu la chini."